Shimo Ubavuni pa Mama

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia marahaba, lakini mkono ulikataa kuandika lolote kabla ya hilo, nikauacha ufanye unavyotaka.

Jana tumekusomea arobaini. Watu walikuja wengi, wakala pilau, wakakuombea, wakaenda zao. Mimi nikabaki na masufuria. Niliyasugua yote, hata yale ya kuazima, mpaka Shangazi Mishi akaninyang'anya sufi ya chuma mkononi. Ana wasiwasi nami kwa sababu sijalia. Tangu siku ile, Baba, hata chozi moja. Si kwamba najikaza. Ni kama mguu uliokufa ganzi: wauona, wajua ni wako, waufinya, hausikii kitu.

Hapa nyumbani mabadiliko ni machache. Paka amehamia kwa jirani. Kiti chako cha plastiki Ami Rashidi alikikalia mara moja, akanyanyuka mwenyewe bila kuambiwa. Drili iko palepale kando ya redio, na kile chuma kirefu cha kuchimbia kimesimama nyuma ya mlango, kina udongo wako kwenye mapezi. Nafagia chini yake kila siku na sikifuti.

Unakumbuka wazo lilivyokujia? Ilikuwa ile video ya simu. Wazungu wamevaa makoti mpaka puani, wamesimama juu ya ziwa lililoganda, na mmoja wao ana drili ya betri kama yetu ya kutobolea kabati. Kaifunga kwenye chuma chenye mapezi yanayozunguka, anatoboa barafu apate kuteremsha ndoano. Uliitazama mara nne. Mimi nilikuwa nashangaa samaki wanaishije humo; wewe ulikuwa unaitazama drili. "Mwanasiti," ukasema, "kama yala barafu, udongo wa Msambweni utaishinda?"

Ilikula udongo. Ilikula na mkono wako pia, siku iliponasa kwenye mzizi wa mnazi ikakuzungusha kifundo, ukakaa na bandeji mwezi mzima. Ndipo fundi wa kuchomelea kule Ukunda akatuwekea ule mkono mrefu wa bomba, na kuushika ikawa kazi yangu. Uliniambia niushike kama namvusha mtoto barabara, nisimbane na nisimwachie. Miaka sita nimeushika hivyo. Tumechimba mashimo ya nguzo za ua kuanzia Diani mpaka Majoreni, na mara moja kule Kinango, ambako udongo ulikuwa mkavu ukaruka machoni, nawe ukarudi nyumbani unakohoa huku unajisifu.

Na ule mtindo wako wa mchanga. Shimo la kupimia likikutana na jiwe, ulilifukia kwa udongo wake mwenyewe. Likishuka vizuri, ulilijaza mchanga mweupe wa pwani, tuliokuwa tukiubeba kwenye mfuko wa unga, ili tukirudi kesho yake tuone palipo pazuri. Wateja walikucheka. Hukujali.

Lakini nguzo zilikuwa kazi ya kula tu. Sababu ya kweli ilikuwa Mama. Mama alifariki asubuhi, akazikwa magharibi inaingia. Mara tatu walichimba, mara tatu sururu zikagonga jiwe, na yeye amelala ndani ya sanda akingoja. Hukuwahi kuisahau siku ile. Drili ilipoanza kula udongo, kila penye msiba ulitangulia makaburini kabla ya majembe, ukapima kichwani, kati na miguuni, ndipo watu waanze kuchimba. Ulinifundisha kila kazi isipokuwa hiyo. Huko wanawake hatuendi, nami sikuuliza. Uliniambia jambo moja tu: "Siku yangu ikifika, mnilaze karibu na mamako."

Siku yako ikafika alfajiri, umeshatawadha, umekaa kitandani unavaa kofia.

Ami Rashidi na wenzake walichukua drili wakatangulia. Baada ya saa moja hivi wakairudisha, wakasema ni mbovu. Haikuwa mbovu, Baba. Walikuwa wanaizungusha kinyumenyume. Wakarudi na majembe, wakachagua penye nyasi mbichi. Ungekuwapo ungeshika kiuno. Mara ngapi umesema kwamba pwani hii nyasi hubaki mbichi pale maji yasipokuwa na pa kwenda, kwa kuwa chini kuna jiwe? Wakachimba, wakakuta jiwe. Wakahamia kando ya ukuta wa makaburi, jiwe tena.

Ami akaja mpaka mlangoni kwetu, amejaa vumbi, hanitazami usoni. "Mwanasiti mwanangu, sisi tumeshindwa. Twende ukapime wewe. Adhuhuri iko karibu."

Shangazi Mishi alinishika leso. "Mwanamke makaburini, Rashidi?"

Wote wakamgeukia sheikh. Naye akafikiri, akasema, "Jeneza halijatoka. Aende apime, arudi, kisha sisi tutabeba."

Nikaenda. Nilitembea nyuma ya Ami nimebeba chuma begani, na nakumbuka nilikuwa nawaza kama nimefunika maziwa. Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Baba yangu yuko nyumbani anaoshwa, mimi nawaza maziwa.

Ami alitaka tupime karibu na lango. "Ubavu wa mamako wote ni jiwe, mwanangu, twaujua tangu siku ile." Nikamwambia naomba mashimo mawili tu kwa Mama, yakishindikana nitakwenda anakotaka. Wanaume wakatazamana. Jua lilikuwa limepanda, na kila mmoja wetu alikuwa anamkumbuka Mama alivyongoja.

Shimo la kwanza lilishuka shibiri moja, drili ikalia, jiwe. Nikasikia mtu nyuma yangu akivuta pumzi. Ami akasema taratibu, "Basi, mwanangu." Nikasogea hatua mbili, nikashika bomba kama ulivyonifundisha, yeye Ami akashika upande wa pili, nikabonyeza.

Udongo mwekundu ukapanda. Kisha mapezi yakaanza kutoa mchanga mweupe.

Niliinama nikaushika. Mchanga wa pwani, Baba, wenye vipande vya kome, mita mia tano kutoka baharini, chini ya udongo mwekundu na nyasi. Nilijua palepale. Ulikuwa umeshapita hapo. Ulipapima, ukapaona pazuri, ukapajaza mchanga, ukafunika juu ili asijue mtu. Chuma kilizama mpaka mwisho bila kugusa kitu, nikaunga kipande cha pili, nacho kikazama. Nilipima kichwani na miguuni, kote mchanga wako ukapanda. Ami Rashidi aliutazama ule mchanga, akanitazama, akaketi chini akalia kama mtoto. Mimi nilichomoa betri nikampisha.

Nilirudi nyumbani kabla jeneza halijatoka, kama alivyosema sheikh. Ulizikwa baada ya adhuhuri. Hukungoja.

Sasa nikwambie kinachonisumbua, kwa sababu ndicho kilichonikalisha hapa na kalamu. Nimeikumbuka siku uliyokwenda kupima. Ilikuwa Ijumaa, ulirudi mchana suruali ina mchanga, na betri zote mbili zimekwisha kabisa. Nami nilikuwa nimemwahidi mama mmoja wa Diani tungefika saa nane. Nilikufokea. Nilisema, mbele ya jirani, kwamba umekuwa mzee wa kuchezea vitu kama mtoto. Wewe ulikung'uta viatu mlangoni ukasema, "Nilikuwa na kazi yangu kidogo." Kisha ukaziweka betri kwenye chaja. Tangu siku ile hukulala hata mara moja bila kuhakikisha taa ya chaja imekuwa ya kijani.

Ndiyo maana asubuhi ya msiba wako betri zilikuwa zimejaa. Ami alikuwa ameimaliza moja kwa kuizungusha kinyume. Iliyobaki ndiyo iliyokupatia nafasi yako. Nimelizungusha jambo hili kichwani siku arobaini na sijui nijisikieje. Ningekuwa na machozi ningeyatoa hapo.

Nisamehe, Baba. Sikujua ulikuwa wapi.

Wiki iliyopita mke wa Mzee Salimu, jirani yetu, alitangulia mbele ya haki. Ami akaja tena mlangoni, safari hii akinitazama usoni. "Mwanasiti, waweza kutupimia?" Shangazi Mishi hakunishika leso, aliniletea viatu. Nilikwenda mapema, kabla ya mtu yeyote kubeba jembe. Nilipata mahali pazuri kwenye shimo la pili, nikarudi. Nikitoka nilipita kwenu wawili nikawasalimu. Nyasi zako bado hazijaota vizuri, na hilo najua ni dalili njema.

Nakuahidi mambo mawili. Hakuna wa kijiji hiki atakayelala ndani ya sanda akingoja jiwe, maadamu mikono yangu ina nguvu ya kushika bomba. Na huo udongo wako kwenye mapezi, ambao hata kwa mke wa Mzee Salimu niliuacha uchanganyike na wake, kesho nitauosha, kwa sababu chuma chafu hukwama, na wewe usingependa.

Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi, wewe na Mama. Msalimie. Mwambie safari hii tuliwahi.

Lala, Baba. Nimetoka kutazama chaja sasa hivi. Zote mbili ni kijani.

Mwanao,
Mwanasiti