Aliposema "Kifaa Changu"

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini u mzima na baridi ya huko imepungua. Mama hajambo, goti limetulia, ila ulimi wake haujui kupumzika.

Kile kihisio changu kimefanikiwa. Ni chembamba kama unywele. Tunakipandikiza kwenye ubongo, nacho kinatuonyesha kemikali zake zinavyopanda na kushuka. Mgonjwa wa kwanza, fundi cherehani anayetetemeka mikono, alinishika bega akalia.

Jumatatu tulikitangaza mbele ya wageni. Shemeji yako, niliyemfundisha mwenyewe kukiunda, alipanda jukwaani akasema, "Kifaa changu." Mwishoni akaongeza, "Namshukuru mke wangu kwa uvumilivu." Nikapiga makofi pamoja na wengine.

Nyumbani nilimuuliza. Akacheka. "Mke wangu, changu na chako si kitu kimoja?"

"Basi mbona hukusema 'chake'?"

Akawasha televisheni.

Sasa niko kwa mama. Anadhani nimekuja kumsalimia tu. Kesho nitaingia maabara kama kawaida, maana yule fundi ananisubiri mimi. Mume wangu akikupigia simu, mjibu kwa adabu, lakini tafadhali usimwite shemeji.

Nakukumbuka sana,
Dada yako