Vitanzi Kumi na Kimoja Nilivyovipiga Pasi

Karakana ya Mahema na Viti vya Magari,
Nyuma ya kituo cha mafuta.
Jumanne, tarehe 9 Septemba.

Mpendwa mpwa wangu Mjusi,

Natumaini umeyasoma maneno mekundu niliyoyaandika juu ya kifurushi kabla hujakifungua: USIPANDE. Kama hukuyasoma, kigeuze uyasome sasa, kisha ukae chini tusalimiane kama watu.

Hujambo, mwanangu? Yale mafua uliyoondoka nayo Jumapili yameisha? Huko kambini mnalala pakavu? Sisi hapa hatujambo, ila mimi mjomba wako tangu jana sijagusa kazi ya mteja hata mmoja. Simu nimekupigia mpaka kidole kimechoka, na yule dada wa kwenye simu ananijibu kwa adabu ileile kwamba hupatikani. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Dereva wa gari la mikate ameniambia hufika kambini kwenu Alhamisi, na wewe unapanda Jumamosi na wale walimu wawili unaowaongoza. Ikiwa gari halitaharibika njiani, tuna siku moja ya kupumua.

Mficha uchi hazai, basi nasema. Vitanzi nilivyokushonea si salama. Vyote kumi na kimoja.

Uliponiletea zile kabari zako, zile mnazozichomeka kwenye nyufa za mwamba ili kamba ikudake ukiteleza, vyuma vilikuwa vizima kabisa. Vitanzi vyake, vile vinavyoziunga na kamba, ndivyo vilivyokuwa vimepauka kwa jua na kutoka manyoya kama blanketi la zamani. Ukaniandikia kila kitu kwenye karatasi: mkanda wa nailoni wa upana gani, uzi gani, ncha zipandane kiasi gani, mishono mingapi. Nikafuata neno kwa neno. Mkaza mjomba wako alisimama mlangoni akaniambia, "Baba watoto, hiyo si kazi yako. Kiti kikifumuka, mtu anakaa sakafuni. Hicho kikifumuka je?" Nikamjibu kwamba mtu aliyeshona viti vya malori miaka ishirini na sita hashindwi na kitanzi. Tangu jana nimelikumbuka jibu hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda.

Kosa si mshono. Kosa ni pasi.

Unanijua. Kwangu kazi isiyopigwa pasi haijaisha, na wewe mwenyewe nilikufundisha hivyo ulipokuwa ukikaa chini ya meza yangu kuokota vifungo. Jumamosi nilipomaliza, mishono ilikuwa imejikunja kidogo na sikuipenda. Pasi ilikuwa bado ya moto, moto wa mashuka ya pamba, maana nilikuwa nimetoka kunyoosha mashuka ya mteja. Nikavibonyeza kimoja kimoja mpaka vikalala bapa, vinang'aa. Nilitaka wenzako huko wakuulize, nani kakushonea? Ukweli ndio huo, na ninauonea aibu. Wewe hukuniandikia lolote kuhusu pasi, na ungeandikaje? Nani mwenye akili timamu hupiga pasi kitanzi cha kukwelea majabali?

Nilishona kumi na viwili, nikabaki na kimoja cha kuwaringia wateja. Jana asubuhi nilikitoa, nikakikunja, kikalia kama ganda la yai. Nikakikwaruza kwa ukucha. Pale pasi ilipopita mkanda ulikuwa mgumu, na uzi ulikuwa umeyeyuka ukagandamana nao. Nilikaa kwenye kiti cha mteja nikasahau hata kufungua dirisha.

Sikutaka kukutisha kwa dhana tu. Nikashona kingine vilevile, bila pasi, nikaenda navyo kwa jirani yangu Spana, yule makanika anayenyanyua injini kwa mnyororo. Tuliifunga injini kwa kile kisicho na pasi, tukainyanyua, tukaiachia ghafla kama mtu anavyoteleza. Mara tatu, kikashika. Kisha tukafunga kile kilichopigwa pasi. Kilinyanyua, nikaanza hata kujicheka. Tulipoachia mara ya kwanza tu, kikaachana palepale kwenye mshono, na injini ikaanguka juu ya matairi tuliyoyatandika. Spana alikitazama kile kipande, akanitazama mimi. "Fundi, hii umemshonea nani?" Nikatoa simu nikaanza kukupigia.

Mama yako sijamwambia. Jana aliniona sina raha akaniuliza, nikasingizia jino. Siku zote dada yangu huyo anasema ni mimi niliyekuharibu, eti nilicheka ulipopanda kabati la nguo ukiwa na miaka minne ukashindwa kushuka. Nilicheka, sikatai. Lakini nilikuwa nimesimama chini, mikono nimeikunjua. Kwenye majabali yenu siwezi kusimama chini nikakudaka. Ninaogopa, Mjusi. Sijui neno lingine la kuweka hapo.

Sasa nisikilize. Ninajua utakavyosema: sawa mjomba, nitavitazama. Utavitazama, utaona vimenyooka na kupendeza, utapanda. Macho hayatakuambia kitu, hata mimi niliyevishona yalinidanganya. Kwa hiyo usivitazame. Vikate. Kila kimoja kikate mara mbili, katikati ya mshono na upande wa pili, uvitie kwenye mfuko na umpe dereva wa mikate anaporudi Ijumaa. Usiniandikie kwamba umevikata, maana maneno wewe unayo tangu utotoni. Nataka vipande. Nitavipanga mezani nivihesabu, ishirini na viwili, na kikipungua hata kimoja nitapanda gari la mikate nije mwenyewe mpaka juu ya jabali, mimi ambaye balbu ya sebuleni hubadilishiwa na mke wangu.

Kabari zenyewe wapelekee waliozitengeneza wakuwekee vitanzi vipya. Wana mashine ya kuvuta na kupima, wala hawana mazoea ya kupendezesha. Hata kile kilichoshika injini sikutumii. Mkono wangu siuamini kwa kazi hii, na si vibaya fundi kujua mwisho wa kazi yake.

Wale walimu waambie safari imeahirishwa kwa kosa la mjomba wako. Wakinuna, wanune wakiwa ardhini.

Bibi yako anakusalimu sana. Anauliza kama huko unakopanda kuna watu wanaoishi juu, maana haelewi unakwenda kumwona nani. Mkaza mjomba wako naye anakusalimu, na tangu jana hajaniambia "nilikuambia" hata mara moja, jambo linaloniumiza kuliko angelisema. Kaka yako muuguzi anasema unywe maji ya moto kwa hayo mafua.

Mungu akulinde, akuwekee mguu wako mahali pasipoteleza, na dereva wa mikate amjalie barabara kavu.

Wako akupendaye popote, na zaidi ukiwa umekanyaga ardhi,

Mjomba Fundi

N.B. Kitu kizito ndani ya kifurushi ni mkasi wangu mweusi. Ndio uleule uliokatia karatasi ukiwa darasa la pili nikanuna wiki nzima, na tangu siku hiyo hakuna mkono mwingine ulioruhusiwa kuugusa. Najua una kisu, lakini kisu utakiahirisha. Tumia huu. Leo nakuruhusu, kata kazi yangu.