Injini Haikatwi, Mama Zuhura

Dodoma, Alhamisi

Mpendwa mke wangu, Mama Zuhura,

Nakusalimu kwa haraka, maana nikianza na salamu ndefu nitapata pa kujificha. Mama mkwe mpe shikamoo yangu, umwulize na goti linaendeleaje.

Tangu nirudi kutoka kazini mchana huu nimekaa na kusimama mara nyingi mpaka kiti kimenichoka. Nimechemsha chai nikaisahau, nikachemsha tena. Jambo lenyewe ni hili: ile injini kubwa ya treni, yule uliyekuwa ukimwita mke mwenzio, haikatwi.

Ahadi yangu unaikumbuka. Siku uliyopanda lori kwenda Kondoa kumuuguza mama nilikuambia, "Siku wakiikata vyuma, nami nakuja tulime." Ukaniangalia, ukasema, "Haya. Tutaona nani atatangulia kuzeeka, mimi au hilo lidude lako." Mimi nikacheka. Wewe hukucheka.

Ulipokuja Dodoma bibi harusi nilikupitisha kwanza stesheni kabla ya nyumbani. Wanaume wenye akili huwaonyesha wake zao nyumba. Mimi nilikuonyesha magurudumu yaliyokufika kifuani. Kanga yako mpya ikapata masizi. Tulipofika mlangoni ndipo ukauliza, "Na huyu mwenzangu analala wapi?"

Ulinijua mapema. Injini ile ilitaka kuamshwa saa nyingi kabla ya safari, moto mdogo kwanza, kuni moja moja, boila lisishtuke. Basi mchochea moto wako akawa anatoka nyumbani akiiacha chai yako inafuka. Nikirudi, mazungumzo yangu ni chumvi ya maji ya huku na namna inavyogandia ndani ya mabomba. Ukaniambia siku moja, "Ungenitazama mimi unavyokitazama kile kioo cha kupimia maji ya boila, ningekwisha nenepa." Na miaka ile ya mradi wa karanga kule Kongwa, tulipokuwa tukivuta mabehewa ya matrekta, nilikuwa narudi na masizi kiasi kwamba uliniuliza jina kabla ya kufungua mlango.

La hospitali ya Mvumi halina mzaha. Nilikuahidi nitakupeleka mwenyewe. Uchungu ukakuanza asubuhi ambayo mchochea moto mwenzangu aliugua, wakaniita, nikaenda. Yule Mhindi jirani yetu, mwenye duka la vitambaa, ndiye aliyekupeleka kwa gari lake, mkewe amekushika mkono njia nzima. Mimi nilifika siku ya tatu na mche wa sabuni. Zuhura alikuwa kifuani kwako. Ukasema tu, "Ameshaogeshwa." Sabuni sijui iliishia wapi. Maneno hayo ninayo bado.

Sasa nikuambie nililokuficha.

Injini za mafuta zilipokuja, ile yetu ya kuni ikasukumwa reli ya pembeni pamoja na nyingine mbili, zikingoja wakata chuma. Mimi nikapewa ufagio wa shedi, lile banda la injini. Kila Ijumaa baada ya swala nikawa napita pale na tambara na kikopo cha mafuta. Nikasugua shaba, nikapaka vyuma visishike kutu. Hakuna aliyenituma. Masima, yule Mgogo wa Mkonze anayetia grisi, mtani wangu, hakuniacha salama.

"Mnyamwezi, unaosha maiti?"

"Nimeshakupa mkono wewe, Mgogo. Sina uchafu mwingine wa kuogopa."

"Mkeo yuko Kondoa, unamsugua huyu. Haya bwana."

Mwezi uliopita Bwana Mkubwa wa karakana, yule Mwingereza mrefu, alikuja na wenzake kuzikagua. Mbili zimeliwa na kutu. Ya tatu inang'aa. Akasema hiyo ibaki, isimamishwe juu ya kipande cha reli karibu na shedi, watu waione. Akauliza nani ameitunza. Masima akaninyooshea kidole, meno yote nje. Wameshatoa maji yote, bomba la moshi wameliziba kwa ubao, na wananitaka mimi niwe mwangalizi wake, na nyumba ya reli nibaki nayo. Jibu wanalitaka Jumamosi.

Kwa hiyo zile barua zangu mbili zilizosema "bado haijakatwa, vuta subira" zilikuwa kweli, na zilikuwa uongo. Nilikwisha jua haitakatwa. Mkono wangu mwenyewe ndio uliozuia siku yako isifike. Naweza kusema sikukusudia, lakini kila Ijumaa miguu ilijua njia, nami sikuizuia.

Jana nilikwenda kuitazama. Nikaweka kiganja juu ya boila, baridi kama mtungi. Nikasimama nikingoja huzuni inishike, kumbe nawaza kama mtama wenu umeshapaliliwa, na nani ameshika jembe upande wangu wa shamba. Nikaegemea mguu huu, nikahamia huu. Sikuweza kukaa pale wala kuondoka.

Leo asubuhi sikungoja Jumamosi. Nilimwendea Bwana Mkubwa, kofia mkononi, nikamtajia jina la Masima awe mwangalizi badala yangu. Masima mwenyewe alipoitwa akasema, "Mimi? Nimlinde mkeo?" Nikamwambia amlinde, ila asije akafunga ng'ombe zake kwenye magurudumu. Nilitegemea tusi. Akalipokea tambara, akaanza kulikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

Barua hii inapanda lori la kesho. Mimi napanda la Jumatatu. Kulima unajua sijui, mistari yangu huenda upogo. Na sijui kama mlango wako upo wazi bado, maana nilikuahidi nitakuja ikikatwa, na haikukatwa, na aliyeiokoa ni mimi. Sitaki kufika huko nikijifanya nimetimiza neno.

Kama hunitaki, usimtume kaka yako kunipa habari pale lori linaposimama. Njoo mwenyewe uniambie. Walau nitakuwa nimekuona.

Mumeo,
Baba Zuhura