Nyumba ya Katikati

Papa,

Nimechelewa kukuandikia. Nilikuwa ninangoja nipate habari nzuri, nikaona ninaendelea kungoja tu. Basi nitakupa zilizopo, kama zilivyo. Kusoma hukujua, lakini ulipenda kusomewa. Nikimaliza nitakuja kaburini pako, nyuma ya kanisa, nikusomee mwenyewe.

Mstari wetu wa nyumba hauko tena kama ulivyouacha. Unakumbuka siku ulipotupeleka kuuona mara ya kwanza? Nyumba za matofali zimeshikana kando ya barabara ya Walikale, ukuta mmoja kwa watu wawili, paa moja refu juu ya wote. Wafanyakazi wa barabara waliokuwa wakikaa humo walikuwa wameondoka zamani, na majani yalikuwa yameota mpaka vyumbani. Katika ile ya katikati tulikuta mbuzi amezaa. Mama alisimama njiani akakataa kuingia. Wewe ulipiga ukuta kwa kiganja, kama mtu anayechagua ng'ombe, ukasema, "Hii iko na nguvu. Inakosa tu watu." Ukatoa vyote tulivyotoka navyo Masisi, ukainunua.

Sasa watu wamekuja. Papa Tito, fundi wa cherehani, amepaka nyumba yake chokaa na kuweka meza mbele ya mlango. Malori yanasimama, madereva wanashonewa suruali hapo hapo. Mwalimu amenunua ile ya mwisho. Jioni kuna moshi kila mlango, na watoto wanakimbia toka mwanzo wa mstari mpaka mwisho. Ni wewe uliyewavuta. Wanasema wenyewe: walipokuona wewe, mkulima wa mlimani, unakanyaga udongo na kuchoma matofali na kubomoa na kuanza tena, wakaona kumbe inawezekana.

Ila wewe hukuwaona wakijaa hivi. Ulilowa siku ile tulipotoa mabati mabovu, kifua kikakubana, na kule dispensari wakatuambia tungoje. Tulingoja. Nilikuwa nimeshika mguu wako, sijui kwa nini mguu. Ukaniambia, "Mariya, ule ukuta wa kushoto, usiuache unywe maji." Sikujua kama ni wewe unayesema ao ni homa. Asubuhi ulikuwa umekwenda.

Nilijaribu, Papa. Lakini maji hayakutoka kwetu. Yalitoka nyumba ya kushoto, ile isiyo na mtu. Mwenyewe alihama, hakuna anayejua aliko, na bila yeye kila mtu anaogopa kugusa paa lake. Nilikwenda ofisi ya serikali, karani akaniambia nirudi. Nilirudi, akaniambia nirudi tena. Nilimwandikia kaka Petro huko Stanleyville. Hajajibu mpaka leo. Papa Tito alipanda juu akaziba tundu kwa majani ya migomba na vipande vya bati, lakini mvua ya huku unaijua. Ukuta ulivimba, ukalainika kama muhogo uliolowekwa. Nilikuwa ninaamka, ninauwekea mkono, ninauona umelegea zaidi ya jana, halafu ninakwenda zangu sokoni. Ningefanya nini na mkono?

Siku moja, Mama akiwa mtoni, nilisikia kama lori limemwaga mawe. Nilikimbia ndani. Ukuta ulikuwa umelala juu ya kitanda chake.

Nilidhani Mama atalia. Hakulia. Alitua mtungi, akatazama, akasema, "Nyumba imefuata mwenyewe. Mimi narudia kwetu."

"Kwetu wapi, Mama?"

"Masisi. Ku shamba."

Unajua vile tulivyoondoka. Mzungu mwenye ng'ombe alionyeshwa mlima wetu, na sisi tukaambiwa tuvune maharagi upesi, tutafute pengine. Mama aliondoka pamoja nasi, lakini nafikiri hakuamini. Hata ulipokuwa unamjengea jiko, alikuwa akisema "tukirudia" kama vile tumekwenda kusalimu watu. Nilimweleza kwamba shamba halipo. Nilimwomba. Nikamleta mke wa Papa Tito naye amwombe. Tulimkuta amekwisha kufunga mikeka. Basi nilibeba mzigo mmoja, yeye mwingine, tukapanda lori, kisha tukaenda kwa miguu. Nilitamani njia iwe ndefu zaidi.

Papa, mlima ni majani matupu. Hakuna mgomba hata mmoja. Waya wa uzio unapita pale palipokuwa jikoni. Ng'ombe ni wanono, wazuri, siwezi kukudanganya. Mlinzi ni Bahati, yule mtoto wa jirani yetu wa bondeni. Sasa naye ni baba wa watoto. Mama alimwambia anataka kuingia, aone makaburi ya wadogo zangu wawili. Bahati alivua kofia.

"Mama, mimi sina kinywa hapa," alisema. "Wakikuona, ni mimi njo watafukuza."

Mama alisimama tu, mikono juu ya waya. Bahati akatazama barabara, akatazama chini, kisha akainua waya kwa fimbo yake.

Mama aliinama akapita. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mteremko, akasimama. Akasogea kidogo. Akasogea tena. Hakupaona. Kwato zilikuwa zimesawazisha kila kitu. Aligeuka akaniuliza, "Mariya, ilikuwa hapa ao pale?"

Mimi nilikuwa mtoto mdogo walipozikwa. Nilisema, "Hapa, Mama," nikaonyesha mahali. Sikujua, Papa. Nilionyesha tu. Akakaa chini, akaanza kung'oa majani kwa vidole, kipande kidogo, kiasi cha mkeka wa mtoto, mpaka Bahati alipopiga mluzi tutoke.

Sasa yuko kwa dada yake mdogo, karibu na waya, analima maharagi katika udongo usio wake. Nilikaa nao mpaka nikaanza kuona haya kula chakula cha watu. Kila asubuhi nilimwomba turudi. Hakunigombeza. Alinipikia, akanisuka nywele, akaniambia niende nisikose lori.

Nimerudi peke yangu. Papa Tito na mwalimu walikwisha kutoa kifusi, wanapanga matofali upya, mimi ninawapikia sombe ya majani ya muhogo. Ukuta unapanda. Watu wakipita wanasema hongera, nami ninaitikia, lakini sijui ninajenga kwa ajili ya nani. Ungekuwepo ningekuuliza: nimfuate Mama tukaishi kando ya waya, ao nibaki hapa na nyumba yako na kaburi lako? Siwezi kuwa pote pawili. Nimelifikiria hili mpaka kichwa kimechoka, na halina njia.

Nitakuahidi ninayoyaweza tu. Nyumba sitaiuza. Mama sitamlazimisha. Mvua zikipungua nitapanda tena Masisi kumwuliza, na akikataa nitalima naye siku chache, halafu nitashuka, na mwaka mwingine nitamwuliza tena.

Kuna neno moja bado. Siku ya kuondoka alinisindikiza mpaka njia panda, nikamwuliza nikuletee salamu gani. Alinitengenezea mzigo kichwani. Kisha akasema, "Umuambie nimekasirika. Alinipeleka mu pori, akanizoeza majirani, akanijengea jiko, halafu akakufa. Umuambie hivyo hivyo, usipunguze."

Sikupunguza, Papa. Wala hakuna alichoongeza. Hili la mwisho ni langu mimi: lala salama.

Mariya