Gita Yako Imefika Koboko

Baba Ayikoru,

Gita yako nimeiuza. Na amplifaya pia. Usikunje uso kwanza, ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana ukisikia nusu utaanza kuzunguka chumba kama siku ile nilipounguza shati lako jeupe kwa pasi. Ninaandika kwa sababu nikisema kwa mdomo nitalia, na habari hii si ya kulia. Kama huko uko na mtu karibu, msomee, acheke na yeye.

Kwanza za nyumbani. Ayikoru anatembea. Mimi nasema anatembea, lakini ni kukimbia. Amechukua miguu yako mirefu na meno yangu, sasa anakula hindi la kuchoma akisimama, kama mtu mwenye safari. Sukari imekuwa ya kutafutwa kama dawa, lakini maharage yapo na muhogo upo. Mama Bahati, jirani yetu Mkongomani, bado anagombana na kuku wake kila asubuhi kwa lugha tatu.

Baada ya kukurudisha kutoka hospitali ya Kuluva na kukuzika kwenu Logiri, nilikaa nikiwaza. Kupanga chumba mjini bila mume si mchezo. Nilikuwa na njia mbili. Nipate cherehani, nishone nguo za watu hapa Arua, au nifunge vitu nirudi Logiri kwa mama yako nikalime. Logiri si kubaya, watu wako wananipenda. Lakini hapa ndipo nataka Ayikoru asome, asome kunipita mimi niliyeishia darasa la nne. Tena kuta za chumba hiki zinajua sauti yako. Basi cherehani. Na cha kuuza nilikuwa na nini? Gita yako ya besi na lile sanduku lake.

Unakumbuka ulivyoinunua? Ulikwenda Kongo na baiskeli, ukarudi kwa miguu na gita begani. Mama yako akaishika, akahesabu nyuzi, akahesabu tena, akakutazama kwa huruma. "Mwanangu, gita ya watu iko na nyuzi sita. Wewe wamekupa nne. Baiskeli nzima, na bado wamekunyima mbili?" Ulicheka mpaka ukakaa chini. Hukumweleza kwamba besi huwa na nne tu, na yeye akatangaza Logiri yote kwamba Wakongomani wamekuibia.

Halafu mimi nikiwa na mimba ya Ayikoru ukaleta amplifaya kwa toroli, umeinunua kwa bendi iliyovunjika. Jioni ile ulipiga polepole sana, vikombe vikatetemeka kabatini na mtoto akageuka tumboni. Ukasema, "Huyu amesikia." Nyuzi zilipochoka na madukani hakuna, ulizichemsha kwenye sufuria yangu ya maharage. Maharage ya siku hiyo yalikuwa na ladha ya msumari. Ukaniambia ni dawa ya damu, nami nikala. Nilikuwa nakupenda vibaya.

Sasa sikia ya wanunuzi. Wa kwanza alikuwa mzee mmoja wa kwaya, upande wa Ediofe. Alikuja jioni umeme wa mji ulipowaka. Unanijua mimi na wageni. Nilikuwa nimepiga deki, sakafu inang'aa, bado mbichi kidogo. Akavua viatu mlangoni kama mtu aliyelelewa vizuri, akaingia, akasalimia, nikamwashia sanduku, akainama kugusa uzi. Gita ikamrusha mkono. Akatoka na kofia yake kifuani, anasema taratibu, "Mama, mwenyewe bado hajaiachia."

Wa pili ni yule mwenye baa ya karibu na soko. Alisikia habari ya mzee, akacheka sana. "Mimi namjua Baba Ayikoru, tulikunywa pamoja, hawezi kunifanyia vile." Nikapiga deki tena, nikamwaga maji mengi zaidi, mgeni mkubwa huyo. Akavua viatu, akashika nyuzi kwa mikono yote miwili. Baba Ayikoru, sijawahi kuona mtu mnene akiruka hivyo. Aliondoka bila viatu. Asubuhi bibi yake alikuja kuvichukua, akanisalimia vizuri, lakini hakuvuka kizingiti.

Nikaipeleka kwa fundi redio. Akaikalisha kibandani kwake, akaifungua, akaipiga kidogo, akasema, "Mashine iko mzima kabisa." Ndiyo ikawa mbaya zaidi. Kama mashine ni nzima, basi ni wewe. Mimi nilisema pengine ni umeme tu, lakini Mama Bahati akanikatiza. "Kama ni moto ya umeme, juu ya nini wewe haikupige? Unaigusa kila siku, inawaka. Wewe ni bibi yake. Ile mutu anajua watu yake." Ni kweli, nilikuwa naigusa, na hainifanyi kitu. Nitakuambia ukweli, kidogo nilifurahi. Nilikuwa nasimama hapo jioni, kidole juu ya uzi, nasema moyoni, basi mimi unanijua.

Lakini mnunuzi hakuja tena. Mji wote ulisikia. Watu wakipita mbele ya mlango wetu walikuwa wanasalimia gita kwanza.

Habari ikafika Logiri. Mama yako akaja mwenyewe, na mkeka wake na unga wa muhogo. Akala, akamchezesha mjukuu wake, ndipo akasema, "Mwanangu hataki. Kesho gita inarudi na mimi, itundikwe nyumbani, ikae karibu naye." Nikawaza kuhusu mchwa wa Logiri wakila ule mti mwekundu wa gita uliokuwa unaupaka mafuta kama mtoto. Nikawaza na cherehani, naiona inaondoka. Hata hivyo nikasema, ndiyo mama.

Mchana ule ule mvua ikanyesha, na katikati ya mvua akagonga mtu. Kijana mrefu mwembamba, amelowa, miguuni viatu vya mpira vya kulimia, vimejaa matope. Juma, wa Koboko, mtoto wa Wanubi. Aliteremka kwenye lori la tumbaku. Anapigia bendi yao ya harusi gita ya kuazima, na dada yake anaolewa, na mwenye gita ameitaka. "Shemeji," akaniambia. Nikamuuliza ushemeji umetoka wapi. "Nilimsikia marehemu Koboko, nikasimama mbele yake mpaka wakanifukuza. Mimi ni mdogo wake kwa gita. Sasa wewe si shemeji?"

Nikamwambia asikie kwanza sifa ya gita yenyewe. Akasema amekwisha kusikia, kwenye lori hawakuzungumza kingine. "Lakini shemeji, niwie radhi, viatu sitavua." Mama yako akaguna. Mimi nikatazama sakafu yangu, imetoka kudekiwa, na yale matope. Ingia tu, nikamwambia.

Umeme siku hiyo ulikuja mapema. Nikawasha, tukangoja sanduku lipate joto kama ulivyonifundisha. Juma akasema bismillahi, akafumba macho, akagusa.

Haikumrusha. Akagusa tena, halafu akapiga.

Baba Ayikoru. Vikombe vikatetemeka. Tangu uondoke vilikuwa vimetulia kama vikombe vya duka. Ayikoru alikuwa uani na kuku wa Mama Bahati, akaja mbio, akapandisha gauni, akabandika tumbo lake kwenye spika, kidole mdomoni, vile vile alivyokuwa anafanya kwako akiwa bado wa kutambaa. Nilidhani amesahau.

Mama yako akapiga vigelegele. "Mwanangu amemchagua." Halafu akamtazama Juma vizuri. "Mwislamu wa Koboko? Haya. Mwanangu hakuwa na ubaguzi." Tukakubaliana bei hapo hapo, bei ya kutosha cherehani, na Juma akalipa, akapeana mkono na kila mtu, hata Ayikoru. Nikaweka chai. Sasa, kukaa kwenye mkeka wa mama mkwe wangu na viatu vya matope, hata Juma aliona aibu. Akasogea mlangoni, akavua. Soksi yake ilikuwa na tundu, kidole gumba chote kiko nje kama kinauliza njia. Kumbe ndiyo ilikuwa siri yote ya kukataa kuvua. Akarudi akipita haraka ili tusione, na kwa furaha akanyoosha mkono kuigusa gita yake mpya.

Ikampiga. Akakaa chini kwenye maji ya deki.

Mama yako akaziba mdomo. Mama Bahati, aliyekuwa dirishani, akatoweka. Juma akawa rangi ya majivu, anasema, "Shemeji, amebadilisha mawazo. Nirudishie pesa yangu, tafadhali." Nami pesa nilikuwa nimeishika mkononi, ina joto bado.

Ndipo nikatazama chini. Soksi imelowa, kidole kiko kwenye maji. Viatu vya mpira viko mlangoni. Mzee wa kwaya alivua. Wa baa alivua. Na mimi, miguuni nina nini? Kandambili za mpira, zile zile za kila siku. Na fundi wetu, yeye hukaa juu ya kigoda cha mbao na kukanyaga kipande cha tairi.

Nikakumbuka wewe. Kila harusi, suti imepigwa pasi, tai shingoni, na miguuni viatu vya tairi. Nilikuonea aibu, nikakwambia watu watasema mke wake hamnunulii viatu. Ukasema, "Hii gita inapenda mwanaume wa tairi." Nikafikiri ni mzaha wako wa kawaida. Tukakuzika na vile vya ngozi, na hivi vya tairi vikabaki nyuma ya mlango, sikuwa na moyo wa kuvitupa.

Nikasema, Juma, usiondoke. Nikamkabidhi mama yako mtoto. Nikasimama na kandambili zangu, nikashika nyuzi. Hakuna kitu. Nikapiga ule wimbo mmoja niliojua, ule wa kumlaza Ayikoru, nikakosea katikati kama ninavyokosea siku zote. Halafu nikaleta viatu vyako nikaviweka mbele ya Juma. Vaa, nikamwambia, upige. Ni umeme na maji yangu ya deki, si marehemu. Akavivaa. Vikubwa, tukajaza kitambaa mbele. Akagusa kwa ukucha. Akagusa kwa kidole. Akapiga mpaka chai ikapoa.

Nikageuka kumweleza mama yako habari ya mpira na sakafu mbichi. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akamwambia Juma, "Si nilisema? Alikuwa anataka viatu vyake vivaliwe." Nikamwacha. Huyo ni mama yako, na mimi sijui kila kitu.

Juzi tulikwenda Koboko kwenye harusi, mimi, mtoto na mama yako, juu ya lori. Juma amevaa suruali ya bugaluu ya rangi ya damu ya mzee na shati la kola ndefu, na chini, viatu vyako. Shangazi mmoja akanong'ona, "Huyu masikini hana viatu?" Nikamjibu, anavyo, tena vya urithi. Jenereta ikaunguruma, wakaanza. Ayikoru akaenda moja kwa moja kwenye sanduku na tumbo lake. Mimi nilicheza. Nilifikiri sitaweza, lakini miguu iliondoka kabla yangu. Mama yako alikaa kitini, mikono magotini, anasikiliza vidole vya Juma vinavyopita juu ya nyuzi. Mwishowe akanivuta karibu.

"Mama Ayikoru," akasema. "Kumbe nne zinatosha."

Juma nimemwambia nyuzi zikichoka azichemshe, ila kwenye sufuria yake mwenyewe. Naye ameahidi, kila wakipiga Arua, nafasi ya mbele ya spika ni ya Ayikoru. Cherehani iko chini ya dirisha, mahali gita ilipokuwa. Kitu cha kwanza nilichoshona ni kifuniko cha amplifaya, na mfuko mdogo wa kubebea viatu.

Basi nakuacha, kwa sababu mtoto amenyamaza, na akinyamaza ujue anaharibu kitu. Ninakuahidi hivi. Atasoma. Na siku atakapouliza baba yake alikuwa mtu gani, sitamwonyesha picha kwanza. Nitamsimamisha mbele ya sanduku lile, hata awe mkubwa namna gani, nimwambie asikilize kwa tumbo, ndipo nianze kusimulia.

Ukae vizuri, Baba Ayikoru, miguu mahali pakavu.

Mimi bibi yako anayekosea katikati,
Mama Ayikoru