Breki ya Upepo

Area 25, Lilongwe

Mama yetu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mgongo umepoa kidogo? Na cherehani, bado inakata uzi? Sisi batoto bako tuko bazima. Nimemupa Jules wa koro ya kanisa barua hii, sababu kwa simu ungenikata kabla sijafika mwisho.

Nimesikia kule kambini Dzaleka ulisimama kanisani kumushukuru Mungu kwa ajili ya mdogo wangu Douce, eti ataongea mbele ya maprofesa. Ukapitisha na picha yake. Mama, hata mi nasoma darasa lile lile, na kazi ile tuliianza pamoja. Roho iliniuma, sikudanganyi.

Uliuliza tunafanya nini. Unakumbuka milima ya juu ya Uvira? Upepo ukiigonga, hewa inapanda, inashuka, inapanda tena, na mawimbi hayo yanafika juu sana. Yakivunjikia huko, yanavuta upepo nyuma. Sasa kompyuta yetu ya kuiga hali ya hewa inakata dunia vipande vikubwa, milima inapotea ndani yake. Usipoiwekea breki wewe mwenyewe, upepo wake unakimbia ovyo. Kuweka hiyo breki njo kazi yetu. Profesa alisema wa kuieleza ni mmoja tu, akachagua Douce, sababu kingereza chake kinateleza na anajua kuchekesha bantu.

Wiki iliyopita niliona kosa. Douce aliweka breki mpya, akasahau kuzima ya zamani. Milima ileile ikavuta upepo mara mbili, upepo wa juu ukalala kabisa. Nilinyamaza kama maji ya mtungi. Tulikula nsima, akajipima robe ile ulimushonea, na mi nikasema moyoni, acha aaibike.

Lakini siku moja kabla ya mkutano wa maprofesa aliniomba nimusuke, akasema mikono yangu tu njo haimuumizi. Nikamwambia kosa lile nikiwa bado nimeshika nywele zake. Alilia. Tukazima breki ya zamani, kompyuta ikafanya kazi mpaka kesho yake, na upepo ukakaa sawa. Douce alisimama amesukwa nusu, kitambaa juu ya kichwa. Alitaja jina langu, lakini bantu balikuwa bameshaanza kupiga makofi, hakuna aliyesikia.

Nilifikiri nikisema ukweli wivu utaniachia. Haujaniachia, Mama. Basi Jumapili ukisimama tena kanisani, nitaje na mi. Jina tu linatosha.

Unisalimie mdogo wetu Bora na bajirani bote, na mgongo usiulazimishe.

Mtoto wako wa kwanza,
Eugénie