Wateja Wanaulizia Meno

Kwa mjukuu wangu, mume wangu mtoro,

Nianze kwa kukugombeza, salamu zitafuata. Umepotea mpaka kile kiti chako cha pembeni mwa cherehani kimepata mwenyewe mwingine, paka wa jirani, naye nikipita ananitazama kama mimi ndiye mgeni. Mume gani huyu ambaye mkewe anamwona kwenye simu za watu? Haya. U mzima? Unakula? Mama yako anasema hujambo, lakini kwenye picha naona shingo imerefuka. Mimi namshukuru Mungu, isipokuwa goti la kushoto, ambalo tangu zamani halinipendi. Macho yamekuwa ya mbali: mpita njia namwona tangu kona, tundu la sindano silioni.

Anayeniandikia ni fundi, yule yule ambaye mlangoni pake nimeweka kibanda changu cha vifungo, nyuzi na zipu. Shule mimi niliiona kwa nje nikipita, kwa hiyo nasema, yeye anaandika. Nimemwonya asinipambie maneno. Akipamba nitajua, maana kila nikimaliza jambo namwambia anisomee.

Habari zako tunazipata asubuhi, fundi anapofungua simu kabla hajafungua madirisha. Siku moja umekiegemeza hicho kitabu ulichoandika shavuni kama mtu anayeumwa jino. Siku nyingine kiko kando ya sahani ya wali, na wali umepoa, niliona. Mara mko juu ya daraja, wewe na kitabu, mnatazama maji. Nikamwuliza fundi kama mmeshaoana na mimi sijaambiwa. Redioni nilikusikia kwa masikio yangu: mtangazaji alikuuliza kama huko kwenu kunanyesha, ukamjibu kwamba hata kitabuni mwako kuna mvua.

Lakini la mazishi ya binamu wa babu yako bado limenikaa. Ulisimama kutoa shukrani kwa niaba ya familia, ukasema vizuri, watu wakafuta machozi, kisha ukamalizia kwamba kitabu kinapatikana kwenye gari jeupe karibu na lango. Marehemu mwenyewe alikuwa hajateremshwa. Wifi yangu akaniinamia sikioni kuuliza yule kijana ni wa nani. Nikamwambia simjui. Fundi anasema hili nisiliandike. Nimemwambia aandike.

Nilikuwa nacheka tu mpaka siku ile uliyonipigia simu. Ulisema mchapishaji anataka kitabu cha pili kabla ya mwaka kuisha, asipokipata atashika waandishi wengine na hicho cha kwanza hatakichapa tena. Ulisema ukikaa kuandika, cha kwanza kinalala madukani bila mtu wa kukiamsha. Ukitoka kukiamsha, unarudi umechoka, unaweka karatasi mbele yako, karatasi haina kitu na wewe huna kitu. Ukasema pengine Mungu alikupa hadithi moja tu, bora utafute kazi ya ofisini. Ulisema kwa sauti ndogo, ile ya utotoni ukiwa umevunja kitu na hujasema ni kitu gani. Nikakuambia salio langu linaisha. Wewe ndiye uliyepiga, najua. Nilitaka nafasi ya kufikiri.

Nikafikiri hivi. Huyu fundi alipoanza alikuwa peke yake. Akisimama barabarani kuita wateja, magauni yanalala hayajashonwa. Akikaa ndani kushona, anashona gauni zuri lisilo na mtu wa kuliingia. Alikonda kama wewe. Nilipoleta kibanda changu mlangoni, hatukukaa kikao wala nini: mimi nikapiga kelele, yeye akashona. Kushona sijui mpaka leo, lakini mtu mwenye zipu mbovu akinipita hapa hafiki kona. Basi sikulaumu kwa kutangaza. Asiyetangaza anashonea mende. Nakulaumu kwa kutaka kuwa mlangoni na ndani kwa wakati mmoja, na una bibi.

Nikalivuta lile boksi la vitabu uliloniachia chini ya meza, nikavipanga katikati ya vifungo. Ili nijue nauza nini, fundi alinisomea kati ya pindo na pindo. Nakupenda, kwa hiyo nisikilize vizuri: huyo karani wako wa kitabuni anatazama dirisha muda mrefu sana. Nilimwuliza fundi kama bado anatazama, akasema bado. Nikaenda kunywa chai, nikarudi, bado. Yaliyofuata dirisha yakawa mazuri, yakaniuma hata moyoni, lakini zikaja sare za kwaya, fundi akashikwa na kazi, sikujua mwisho.

Sasa mteja anasimama hapa kusubiri suruali ipunguzwe, ananiuliza kitabu kinahusu nini. Nikimwambia dirisha ataondoka. Kwa hiyo nilikuwa namsimulia. Nikifika penye utamu, nainuka kutafuta zipu na siipati mpaka anunue. Boksi lote limekwisha. Wa saluni wamenunua, walinzi wa benki wamenunua, mwenye bucha alinunua chake na cha mkewe, ili wasigombanie.

Na mwenye bucha ndiye aliyerudi wa kwanza. Alikuja na aproni yake ya kazi, kitabu amekizungushia karatasi ya nyama kwa heshima. Akakiweka juu ya vifungo vyangu, akavuta pumzi.

"Bibi," akasema, "nimesoma mpaka jalada la nyuma. Meno yapo ukurasa gani?"

Nikamwuliza meno gani, nikijifanya nahesabu sindano. Akasema asimchezee mtu, meno ya bandia, yale ambayo dobi aliyakuta kwenye mfuko wa suruali ya hakimu, akayatambua kuwa ni ya marehemu mumewe. Alitaka kujua hakimu aliyapataje. Mkewe naye alitaka kujua, na wa saluni, ambao walikuwa wamemtuma.

Nimefika penyewe, mume wangu. Fundi, andika taratibu.

Wewe umesahau, mimi sikusahau. Tulipomzika babu yako, meno yake ya bandia hayakuonekana. Tulipekua kabati, tukainua godoro, tukamwaga hata debe la mchele. Tukamzika mdomo umebonyea, mtu aliyekuwa akijipenda vile. Watu wakaondoka, nikakaa hapa kibandani. Wewe ulikuwa chini ya meza unatenganisha vifungo vyeusi na vya kahawia. Ukaanza kusimulia, bila kuombwa, kwamba meno ya babu hayajapotea, yako safarini. Yamepanda kwenye mfuko wa suruali ya hakimu, hakimu hajui, suruali imekwenda kwa dobi. Nilicheka mpaka fundi akasimamisha cherehani. Ndicho kicheko changu cha kwanza tangu msiba. Ikawa kila ukitoka shule unaongeza kipande, mpaka jioni ile hakimu anabisha hodi kwa dobi kuchukua suruali, na dobi ameshika meno nyuma ya mgongo. Hapo mama yako akaja, akakupeleka shule ya bweni. Hakimu amesimama mlangoni mpaka leo.

Hiyo ndiyo niliyouzia kitabu chako. Ilinitoka yenyewe, kwa sababu ndiyo hadithi yako ninayoijua. Usiniambie una moja. Ya karani uliiandika. Ya dobi nilikuwa nayo mimi, nimekutunzia.

Mwenye bucha nimemwambia meno yamo kwenye kitabu cha pili, na kwamba mwandishi anakuja kukimalizia hapa hapa nyuma ya duka. Akasema sawa, atasubiri, lakini mpaka meno yaonekane mimi nitakuwa nauziwa mifupa. Naye hatanii. Juzi kanifungia goti la ng'ombe.

Mama yako akisoma hii umpe salamu, umwambie dawa za goti nimezipata. Fundi anakusalimu, kakushonea mto wa kiti kwa kitambaa kilichobaki kwenye sare za kwaya. Paka tumemhamishia dirishani, akatazame na karani.

Ukija, pita mlango wa uani, kwa sababu wakikuona barabarani utaanza kupiga nao picha. Usije na kitabu hata kimoja. Simu utamkabidhi fundi, ataifungia kwenye droo ya mikasi. Mbele nitakaa mimi nipige kelele, nyuma kaa wewe ushone. Na kabla hujavua viatu, kabla hata ya maji ya kunywa, uniambie hakimu aliyapata wapi. Wateja watasubiri kitabu. Mimi sisubiri. Yale meno yalikuwa ya mume wangu.

Ni mimi bibi yako, mkeo mkubwa.